Waya wa Fundi Zéphirin

Latifa hakumtukana Fundi Zéphirin hata siku moja. Hilo ndilo alilojiambia siku zote zile, akifua, akiosha sufuria, akifagia ua. Alisema maneno machache tu, nyumbani kwao, kapo, yaani boneti ya gari, ikiwa wazi, na aliyemsikia alikuwa baba yake peke yake. Lakini neno ukimpa mtu anayekupenda, atalibeba mbali kuliko ulivyokusudia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tata Kassim, baba yake, alikuwa ameegesha Carina katikati ya ua wa nyumba yao ya Dilala, mjini Kolwezi, mojawapo ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Mama yake Latifa alikuwa amekwenda Kasongo kumwuguza dada yake, na baba na binti walikuwa wawili tu. Carina ile ya mwaka tisini na tano ndiyo teksi iliyomsomesha Latifa miaka mitatu Lubumbashi, chuo cha mitambo na umeme. Sasa alikuwa amerudi na diploma, na barua kumi na moja za kuomba kazi migodini zisizojibiwa, na ile aibu ndogo ya kila siku ya kula jasho la baba akiwa na akili timamu na mikono mizima. Kwa hiyo baba aliposema, akimwita binti yake mama kama desturi, "Mama, moteri inatetemeka. We ulisoma, angalia kidogo," moyo wake uliruka.

Aliangalia. Alisafisha koo la injini mahali hewa inapoingilia, akitumia mswaki mzee na petroli. Akaona mpira mmoja mwembamba umepasuka na unavuta hewa pasipo ruhusa, akaukata na kuweka mwingine. Mtetemo ukaisha palepale. Angefunga kapo hapo, akanawa mikono, hadithi hii isingekuwapo.

Lakini alikuwa na taa. Alikuwa ameiazima kwa mwanafunzi mwenzake, taa ya kupimia moto: ukiimulika puli ya mbele wakati injini inazunguka, inakuonyesha buji, yaani plagi, zinawaka mapema kiasi gani kabla pistoni hazijafika juu. Ukurasa aliouhifadhi kwenye simu ulisema digrii kumi. Taa ilionyesha kumi na sita. Na pale kwenye delko, kile kichwa kinachogawa moto kwa buji, palikuwa na mkwaruzo wa patasi, alama ya Fundi Zéphirin, aliyeitengeneza Carina siku zote, kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeiweka hivyo.

"Tata, angalia. Inapaswa kumi. Hapa iko kumi na sita."

"Ni mbaya?"

"Ni mbali sana. Nazani Fundi anawekaka moto na masikio tu."

"Masikio na waya yake," alisema Tata Kassim.

Waya ule ulijulikana parkingi nzima, pale madereva wa teksi wanapongojea abiria. Kila alipotaka kugusa delko ya gari la aina ile, Zéphirin alitoa kwenye mfuko wa shati kipande cha waya kilichopindwa, akakichomeka ndani ya kiboksi cheusi kilichokaa pembeni ya injini, akafanya kazi yake, kisha akakichomoa na kukirudisha mfukoni. Hakusema kitu. Madereva waliuita dawa ya mzee.

"Ile waya inafanyaka nini, mama?"

Latifa hakujua. Injini waliyofundishiwa chuoni ilikuwa ya karburata, haina kompyuta, haina kiboksi. Wanafunzi arobaini waliizunguka kwa zamu na wasichana wawili walisimama nyuma. Jibu la kweli lilikuwa "sijui", neno fupi kabisa. Lakini baba alikuwa anamtazama kwa macho yale ya siku ya diploma.

"Haifanye kitu, tata. Ni bitu bya bantu ba zamani."

Na akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa chake. Alikisikia mara nyingi kwa wavulana wa chuoni, na aliyekuwa akichekwa alikuwa yeye.

Akalegeza boliti, akazungusha delko kidogo mpaka taa ikasema kumi, akakaza. Injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Tata Kassim alisikiliza, mkono kiunoni, akatikisa kichwa. "Miaka minane," alisema. "Miaka minane mi nilikuwa nampelekea ule muzee motokari yangu."

Latifa akafunga kapo, akaenda kunawa mikono.

Kufika Jumanne parkingi yote ilikuwa imesikia. Tata Kassim hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na mdomo. Aliwaambia madereva, akamwambia kinyozi, akawaambia watu aliosali nao. Binti yake amesoma. Binti yake ameona kwa taa kwamba Zéphirin anadanganya watu kwa kipande cha waya. Madereva wawili wakapeleka magari yao kwa fundi mwingine.

Latifa alipopita kununua vitunguu, Papy, dereva kijana asiyenyamaza hata akila, alisimama na kupiga saluti.

"Ingénieur! Muache njia, ingénieur anapita! Tata yako anasema utafunga bagarage yote ya Kolwezi!"

"Wacha, Papy."

"Mi naachaje? Motokari yangu inakohoa. Ama unataka nikuoe kwanza, njo uitengeneze?"

Wote wakacheka, na Latifa akaharakisha. Njia ilipita mbele ya kibanda cha mabati cha Zéphirin. Mzee alikuwa ameketi juu ya kreti, anasugua buji kwa kitambaa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya kampuni ya zamani, na bado alivaa koti la buluu lililopauka kama vile filimbi ya zamu itapigwa.

"Latifa, mama. Nasikia ulishika moteri ya tata yako."

"Ndiyo, tata."

"Ni muzuri. Uliona nini?"

Aliuliza bila hasira. Swali lile lilikuwa mlango, na aliufungua mwenyewe, akasubiri. Latifa alitazama vidole vyake vya miguu.

"Hakuna kitu, tata."

"Bon," alisema mzee, akarudi kwenye buji yake.

Wiki ya pili Tata Kassim alianza kusema kwamba petroli ya siku hizi haina nguvu. Gari lilikuwa zito kwenye miinuko, lilikunywa kuliko zamani, na mshale wa joto ulipanda kila lilipopakia watu wanne. "Ni ile petroli ya kando ya njia, banachanganyaka," alisema, na Latifa akasema huenda. Lakini hakuitoa taa kabatini. Aliogopa kuona.

Siku ya Jumatano Mama Odile, aliyekuwa akiuza mikate ya kukaanga mlangoni mwa parkingi tangu Latifa akiwa mtoto wa shule, alikodi Carina asubuhi na mapema. Mdogo wake wa kiume, mzaliwa wa mwisho, alikuwa amefariki Fungurume, na mazishi yalikuwa saa tano. Walipita daraja la Lualaba vizuri. Kwenye mwinuko wa mbele, wakiwa nyuma ya malori ya madini, mvuke ukatoka chini ya kapo na gari likagoma. Wakasubiri lipoe. Wakatia maji, wakaenda kidogo, likachemka tena. Wakasubiri tena, vumbi la malori likiwaangukia, Mama Odile amekaa juu ya jiwe na kitambaa chake cheusi. Walipofika Fungurume, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakiwa wamebeba majembe.

Tata Kassim alisimulia hayo jioni huku hajavua viatu. "Hakunitukana," alisema. "Ni kheri angenitukana. Alisema tu, 'Sikumuona uso.'"

Alhamisi Papy alitoa mzaha. Alisema mzee wa waya ameona wivu, ameifunga Carina kwa waya wake ili mtoto wa watu aaibike. Alhamisi ulikuwa mzaha. Ijumaa ilikuwa habari. Mtu alikumbuka kwamba Zéphirin alipita karibu na gari lile Jumanne jioni. Mwingine alikumbuka kwamba hakusalimu. Jumamosi Lukusa, rais wa parkingi, alitangaza mkutano wa Jumapili baada ya misa: Zéphirin aje na waya wake, aeleze; akishindwa, abomoe kibanda chake aondoke.

"Mi siaminie bulozi, ile uchawi yao," Tata Kassim alimwambia binti yake. "Lakini, mama, we mwenyewe uliitengeneza muzuri. Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa ni nani aliiharibu?"

Alimwuliza yeye, aliyesoma. Kisha akatoka kwenda kusali.

Latifa alibaki uani. Alifungua simu na kuutafuta ule ukurasa wa digrii kumi. Siku ile aliufungua ukurasa wa namba tu, kwa sababu namba ndiyo aliyoitaka. Sasa alirudi ukurasa mmoja nyuma. Mstari wa kwanza kabisa, kwa Kifaransa chepesi ambacho hata mtoto wa shule ya msingi angekielewa, ulisema: kabla ya kupima, unganisha matundu mawili ya kiboksi cha uchunguzi kwa kipande cha waya.

Aliusoma mara tatu. Kompyuta ya gari husogeza moto yenyewe kadiri inavyopenda. Ukiunganisha matundu yale mawili, inanyamaza, na ndipo unapoona delko imekaa wapi kweli.

Aliitoa taa kabatini, akawasha injini. Hakuwa na waya. Alichomoa kibanio cha nywele chini ya kitambaa chake, akakinyoosha, akafungua kifuniko cha kile kiboksi cheusi, akachomeka. Injini ikabadilisha sauti kidogo. Akamulika.

Nne. Aliyoiita kumi ilikuwa nne. Moto ulikuwa unachelewa, na wiki mbili zile injini ilikuwa inapigana na mwili wake yenyewe.

Akalegeza boliti, akarudisha delko polepole mpaka mkwaruzo wa patasi ukakutana na mwenzake wa kwenye injini, akamulika tena, na huku moyoni alikuwa anaomba mzee awe amekosea japo kidogo, japo digrii moja.

Kumi. Si tisa wala kumi na moja.

Alikaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye gurudumu, akajifunika uso kwa mikono inayonuka petroli. Aibu nyingine hupita kama baridi ya asubuhi. Hii ilikaa. Ilikuwa na uso wa mzee juu ya kreti, ikawa na uso wa mwanamke juu ya jiwe.

Baba aliporudi, Latifa alisema, "Tata." Tata Kassim alisema, "Eee, mama," akiwa anatafuta pasi. Alikuwa amelitandika shati lake jeupe mezani, lile la kesho. "Kesho wewe njo utaeleza na bachiffre, na banamba yake," alisema. "Bajue mutoto yangu hasemake burebure." Na Latifa akasema anakwenda kuangalia maharage.

Jumapili parkingi ilijaa. Madereva walikaa kwenye mabenchi, wengine wameegemea magari. Mama Odile aliletewa kiti cha plastiki mbele. Zéphirin alikuja na koti lake la buluu limefuliwa, na Lukusa alipomwambia atoe waya, aliutoa akauweka mezani. Ulikuwa mdogo mno. Mtu wa mbele akarudisha kiti nyuma.

"Fundi, tuambie. Ile kitu ni ya nini?"

Zéphirin aliwatazama mmoja mmoja. "Miaka makumi tatu nafanya kazi na ile waya. Mbele yenu, na jua inawaka. Hakuna hata mumoja aliuliza. Mulikuwa munachekaka. Leo muko munaogopa, sasa njo munauliza? Mi sijibu muntu mwenye kuogopa. Mubomoe kibanda."

"Munaona?" Papy alisema, lakini sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Hawezi kusema."

Makelele yakazuka. Lukusa alipiga meza. "Tata Kassim! Motokari ni yako. Sema."

Tata Kassim alisimama, akanyoosha shati lake, akageuka kumtafuta binti yake. "Mutoto yangu atasema."

Watu wakageuka. Latifa hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Hata siku ya kutetea kazi yake ya mwisho chuoni mwalimu alimwambia apaze sauti mara nne. Alisimama.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa nguvu!"

"Ni mi niliharibu motokari." Akanyoosha kidole kwenye waya pale mezani. "Kompyuta ya motokari inasogezaka moto yenyewe. Ukipima vile tu, unapima mukono yake. Ile waya inaambia kompyuta inyamaze, muntu apime. Mi sikuinyamazisha. Mi sikujua. Tata aliniuliza waya ni ya nini, na sikusema sijui. Nilicheka." Akainua simu yake. "Iko mu kitabu. Ukurasa wenye kutangulia ule nilisoma. Fundi alifanya sawa kitabu inasema, miaka yote."

Watu wa nyuma walisogea karibu.

"Ulipima tena?" Zéphirin aliuliza.

"Jana, tata."

"Na waya gani?"

"Na... kibanio ya nywele."

Kicheko kikapasuka nyuma. "Dawa ya mama hiyo!" akapiga kelele Papy, na Lukusa akamwambia afunge kinywa. Latifa hakuinua macho. Kicheko kile alikistahili, akakiacha kimwagike chote.

"Ulipata ngapi?" mzee aliendelea, kana kwamba wako wawili tu.

"Yangu, ine. Kwa alama yako, kumi."

"Kumi ya kweli?"

"Kumi ya kweli, tata."

Zéphirin aliitikia kwa kichwa taratibu. Akauchukua waya mezani, akaurudisha mfukoni.

Mama Odile ndiye aliyesimama. "Donc, kumbe hapana bulozi."

"Hapana, mama."

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Mwanamke alimtazama muda mrefu. "Heri ingekuwa bulozi," alisema. "Mulozi, muntu anaweza kumuchukia akapumzika. We nilikupa mikate tangu uko mudogo. Nikuchukie namna gani?" Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Latifa alikwenda mbele ya mzee, akapiga goti, akaomba radhi. Zéphirin hakumwinua upesi. "Pardon ya hapa nimesikia," alisema. "Lakini lile neno halikubakia hapa. Lilitembea. Lilifika soko, lilifika mpaka Kasulo. Bashemeji yangu balinipigia simu. Nani atalirudisha?"

Ndipo Tata Kassim, aliyekuwa bado amesimama na shati lake jeupe, alipofungua kinywa. "Mi. Kinywa ilikuwa yangu."

Njiani kurudi nyumbani baba hakumkemea. Alitembea hatua mbili mbele, na Latifa aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba shingo ya baba yake imezeeka.

Asubuhi walianza kulirudisha lile neno. Walienda kwa kinyozi, kwa mwuza petroli wa njia panda, kwa mziba magurudumu, kwa wale madereva wawili, kwenye mlango wa msikiti. Kila mahali Tata Kassim alisalimu vizuri, akauliza habari za watoto, halafu akasema maneno yaleyale: "Nilikwambia Fundi Zéphirin anadanganya bantu. Mi njo nilidanganya." Latifa alipotaka kusema kwamba kosa ni lake, baba aliinua kiganja, na watu walimtazama baba kwa huruma ambayo ilimchoma binti kuliko dharau. Wengine walicheka. Kinyozi alisema, "Bya kusoma sana, tata, bipunguze," na Tata Kassim akakubali kwa kichwa. Mlangoni mwa msikiti Latifa hakungoja kiganja. Alitangulia, akasema yeye kwanza, mbele ya wanaume wanaovaa viatu, na baba akasimama pembeni yake hadi mwisho.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Odile. Alikuwa uani, anakaanga mikate, kitambaa cheusi kichwani. Alisikiliza kila kitu huku anageuza mikate kwenye mafuta.

"Motokari iko sawa sasa," Latifa alisema. "Tunataka kukupeleka Fungurume, mama, kwa kaburi. Leo ama siku utapenda."

"Iko sawa nani anasema?"

"Mi mwenyewe nilirudisha moto kwa alama ya Fundi."

"We mwenyewe." Mama Odile aliopoa mkate mmoja, akauweka kwenye beseni. "Zéphirin aliiona?"

"Hapana, mama."

"Basi aione kwanza. Yeye akisema iko muzuri, nitapanda. Wewe ukisema, sipande."

Uso wa Latifa uliwaka mpaka kwenye masikio. Tata Kassim alikohoa, akafungua kinywa kumtetea, lakini binti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuomba ufunguo wa gari.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nampelekea sasa hivi."

"Uende basi," alisema Mama Odile, bado anatazama mafuta. "Mi nitavaa."